Tippu Tip na kesi iliyokosa ushahidi

Katika watu wa pwani yetu waliokufa zamani, ni wachache waliosemwa kwa wema na kwa ubaya kama Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip. Wako wamwitao shujaa aliyezifungua njia za bara, na wako wamwitao jambazi mwuza watu. Lakini liko jambo moja la maisha yake ambalo halitajwi sana barazani. Mwisho wa safari zake aliitwa Unguja kujibu mashtaka ya msafiri mashuhuri kuliko wote wa zama zile, na kesi hiyo ikafa njiani, haikufika hukumuni, kwani madai makubwa aliyotupiwa hayakupata kuthibitishwa. Kesi hiyo ndiyo nitakayo kuizungumza leo, pamoja na maisha yaliyoitangulia.

Nimeikumbuka kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani petu. Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imenileta bara, na hapa Nairobi ninakaa Lucky Summer, upande wa mashariki ya mji, jirani na Baba Dogo na Korogocho. Kijana mmoja wa mtaa huu, fundi wa kuchomelea vyuma, alishtakiwa na tajiri wake kwamba ameiba. Akaenda kortini na kurudi miezi mingi, kila mara kesi inaahirishwa. Hatimaye hakimu akaona kwamba upande wa mashtaka haukuleta jambo la kumfanya mshtakiwa ajitetee, akamwachilia. Nilidhani watu watampa mkono wa pongezi. Wengine walimpa. Lakini wengine walinong'ona kwamba wizi ameufanya ila hakuonekana, na wengine kwamba hakimu amelishwa.

Baada ya sala ya isha sisi wa pwani tulioko huku tukalizungumza. Swali likawa hili: mtu akiachiliwa kwa kukosekana ushahidi, je, ametakasika, au ameponyoka tu? Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hapakuwa na wawili waliopatana. Mimi nikaona maisha ya Tippu Tip yana funzo katika swali hilo, tena funzo lenye ncha mbili.

Kwanza tuielewe sheria. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu udogo kwamba mzigo wa bayana u juu ya mdai. Adaiye ndiye aletaye mashahidi; akiwa hana, mdaiwa akikana huapa, na mambo yakaishia hapo. Kadhi hahukumu kwa uso wa mtu wala kwa maneno ya sokoni. Sheria ya serikali yetu nayo inakwenda njia hiyo hiyo. Katika sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 210 kinamtaka hakimu amwachilie kabisa mshtakiwa ikiwa mashtaka hayakusimama hata mwenyewe ahitaji kujitetea. Na kiko kifungu cha 87 ambacho kwacho mwendesha mashtaka huweza kuiondoa kesi. Hapo kuna tofauti. Kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huweza kufufuliwa siku nyingine. Basi kuachiliwa si kwa namna moja. Kuna kuachiliwa kwa hukumu, na kuna kuachiliwa kwa kuwa mshtaki ameondoka na mafaili yake.

Sasa tuingie katika maisha yenyewe.

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara, mwenye makao Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira mtawala wa Unyanyembe. Mama yake Hamed alikuwa binti wa Habib bin Bushir el Wardi, wa ukoo wenye asili ya Maskati. Damu ya Kiarabu ilikuwamo na damu ya Kiafrika ilikuwamo, tena ya pili ndiyo iliyoonekana zaidi usoni mwake. Wazungu walioandika habari zake walipenda kulitaja hilo, kana kwamba ni ajabu. Kwetu sisi wa pwani hapana ajabu.

Alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12, akiuza sandarusi katika safari za karibu pamoja na jamaa zake wa upande wa mama. Alipofika miaka 18 alifuatana na baba yake bara, akashikwa na ndui njiani akapona. Baadaye akavuka ziwa Tanganyika kwenda Urua, na huko akaonyesha akili ya biashara ambayo haikumwacha tena. Wenziwe waligombania pembe kubwa, bei ikapanda. Yeye akanunua pembe ndogo ambazo hawakuzitaka, na aliporudi pwani faida yake ikawashangaza.

Mtaji wake ulikuwa wa kukopa. Wahindi wa Unguja walimpa nguo, shanga na baruti, naye akalipa kwa pembe. Katika waliomwamini mkubwa wao alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kiismaili aliyejulikana kutoka Unguja hadi Bombay. Tukumbuke jambo hili, maana fedha zilizokuwa mkononi mwa nyumba ya Taria ndizo zilizokuja kumtia Hamed kesini.

Jina la Tippu Tip alilipata bara. Wengine husema ni mlio wa bunduki zake, na wengine husema ni kwa ajili ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa, akafananishwa na ndege. Yeye mwenyewe alilipenda lile la bunduki. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na majirani wote, akamshinda na kuichukua pembe yake. Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone, akamsaidia. Baadaye, mwaka 1874, akamsaidia Cameron, na mwaka 1876 akakutana na Henry Morton Stanley.

Kabla ya kufika kwa Stanley, nataka kusimama kidogo Utetera, kwani pana kisa chenye uzito kwa habari yetu. Tippu Tip alisikia kwamba mtawala wa huko, mzee Kasongo Rushie, alikuwa na dada aliyechukuliwa mateka zamani asijulikane alikokwenda. Hamed akajitokeza akadai kwamba yeye ni mjukuu wa dada huyo, kwani babu yake alipata kumwoa mwanamke wa nchi zile. Mzee yule akaamini. Hakutaka shahidi, hakutaka hati, hakuapisha mtu. Akamkabidhi nchi yake pamoja na watu wake na pembe zake, na mfanyabiashara mwenye deni la Wahindi akawa mtawala. Baadaye Hamed mwenyewe alikisimulia kisa hicho bila ya haya, kama mtu asimuliaye karata aliyoicheza vizuri. Msomaji alitie jambo hili akilini: madai yasiyo na ushahidi ndiyo yaliyompa ufalme. Zamu yake ya kudaiwa ilikuwa bado.

Mwaka 1876 Stanley alikuwa anataka kuufuata mto Lualaba ajue unakokwenda. Hapakuwa na mtu wa kumpitisha katika misitu ile ila Tippu Tip. Wakapatana dola 5,000 kwa safari ya vituo 60. Walikwenda pamoja mpaka Desemba, taabu na maradhi yakazidi, wakaagana Vinya Njara. Stanley akaendelea hadi bahari ya magharibi na jina lake likaenea dunia nzima. Kwa maelezo ya Hamed, yeye hakupata yote aliyoahidiwa, na zawadi aliyotumiwa ilikuwa picha ya msafiri mwenyewe. Basi tangu hapo kila mmoja alikuwa na kinyongo chake.

Miaka 10 ikapita. Tippu Tip alikuwa ndiye mkubwa wa nchi yote ya Manyema, makao yake Kasongo, watu wake wameenea mpaka maporomoko ya Stanley, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye alikuwa ameanza kuitwaa nchi ile kwa jina la Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1886 watu wa Hamed walipigana na askari wa dola hiyo pale maporomokoni wakawafukuza, mwenyewe hakuwapo. Ndipo Stanley alipokuja Unguja, amepewa kazi ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri aliyezuiwa kusini ya Sudan na vita vya Mahdi.

Tarehe 24 Februari 1887, mbele ya balozi wa Kiingereza Unguja, mapatano yakatiwa sahihi. Tippu Tip atakuwa liwali wa Dola ya Kongo pale maporomokoni, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tena atatoa wapagazi 600 wa kuchukua mizigo ya Stanley hadi ziwa Albert, na baruti ya watu hao itatoka kwa Stanley. Wakaingia katika meli ya Madura, wakaizunguka Afrika kwa kusini, wakashuka kwenye mdomo wa mto Kongo mwezi wa Machi. Mtu aliyekuwa akienda Manyema kwa miguu kutoka Bagamoyo sasa alifika kwa mlango wa nyuma, kwa mashua za moshi.

Stanley aliwaacha watu na mizigo mingi Yambuya, kando ya mto Aruwimi, chini ya Meja Barttelot, yeye akatangulia mwisho wa Juni 1887. Amri ilikuwa kundi lile lingoje wapagazi wa Tippu Tip, kisha lifuate. Likangoja. Mwezi mmoja, miezi mitatu, mwaka. Wapagazi hawakuja. Hamed alieleza kwamba alituma watu mapema, wakashambuliwa mtoni, baruti ikawaishia, wakatawanyika. Na kwamba ile baruti ya mapatano hakuletewa. Mzungu akasema ni hiana. Barttelot na mwenzake Jameson wakawa wanakwenda na kurudi kumbembeleza. Wapagazi wapatao 400 walipatikana Juni 1888, nao kwa sharti kwamba mizigo ipunguzwe uzito.

Katika muda huo waliokuwa Yambuya walikuwa wakifa. Na hapa, ndugu msomaji wa pwani, tusipite mbio. Wengi wa waliokufa pale walikuwa watu wa Unguja na wa mrima, Waislamu, walioandikwa upagazi kwa mshahara. Waliishi kwa muhogo mchungu ambao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha kuulowesha na kuutayarisha vizuri, ukawadhuru. Viboko vilikuwa vingi. Wakazikwa kwa makumi katika udongo mwekundu wa Yambuya. Majina ya maofisa watano wa Kizungu wa kundi hilo yako katika vitabu vingi. Hao wetu wengi wao hawajulikani hata makaburi yao.

Kundi lilipoanza kusafiri halikufika mbali. Tarehe 19 Julai 1888, alfajiri, mahali paitwapo Banalya, mwanamke mmoja wa Manyema alikuwa akipiga ngoma na kuimba. Barttelot, mtu wa hasira, akatoka kumnyamazisha. Mumewe, aitwaye Sanga, akampiga risasi akafa. Sanga alikimbilia maporomokoni. Akashikwa, akahukumiwa mbele ya Tippu Tip na Wazungu waliokuwapo, akapigwa risasi. Siku chache baadaye Jameson akafa kwa homa. Basi mashahidi wawili wakubwa wa yaliyotokea kati ya Yambuya na Tippu Tip walikuwa wamekwisha kuingia kaburini.

Stanley alirudi nyuma akalikuta kundi lake katika hali ile mwezi wa Agosti. Hasira yake haikuwa na kifani, na katika waliobebeshwa lawama hakukosekana Hamed bin Muhammed. Alipofika Bagamoyo na Emin Pasha, Desemba 1889, akavuka Unguja. Akagundua kwamba kwa Jaffer, mwana wa Taria Topan na wakala wa Tippu Tip, zilikuwako pauni zaidi ya 10,000, thamani ya pembe iliyouzwa kwa Dola ya Kongo. Akaingia katika korti ya balozi wa Kiingereza, akamdai Tippu Tip kwa kuvunja mapatano, na fedha zile zikazuiwa.

Angalia mwenendo wenyewe. Katika maandishi na katika mazungumzo, tuhuma zilikuwa za damu: kwamba hiana ya mtu huyu ndiyo iliyoua kundi zima. Wako hata walionong'ona kwamba mauaji ya Barttelot yalikuwa na mkono wake. Lakini kortini hakikupelekwa kisu wala damu. Ilipelekwa hesabu ya fedha. Anayejua mambo ya korti atafahamu maana yake. Maneno ya jinai ni mepesi kuandikwa gazetini, lakini kortini yanataka mtu wa kusimama na kusema nimeona.

Habari zilimfikia Hamed bara mwaka 1890. Angeweza kukaa asije. Nchi ile ilikuwa yake, watu wenye bunduki walikuwa maelfu, na hapana tarishi wa korti ambaye angemfuata Kasongo. Lakini fedha zake zilikuwa zimeshikwa, na kwa mfanyabiashara aliyejengwa na mkopo, jina likiharibika Unguja mambo yote yameharibika. Akamwacha mwanawe Sefu Kasongo, na Rashid mtoto wa nduguye akashika nafasi yake maporomokoni, akaanza safari ya mwisho ya maisha yake. Njiani akaugua sana. Akafika Unguja Julai 1891.

Alipofika, kesi ilikuwa imekwisha poa. Uingereza kulikuwa na zogo kubwa. Mwaka 1890 jamaa za Barttelot na za Jameson walichapisha barua na shajara za marehemu wao kumjibu Stanley, na watu wakaanza kuuliza kama lawama si ya Stanley mwenyewe, aliyewaacha wenziwe bila chakula cha kutosha wala wapagazi. Kuiendesha kesi kungekuwa kufungua mambo ambayo mdai mwenyewe asingependa yaulizwe: baruti iliyoahidiwa iko wapi, nani aliamuru nini, na nani alipiga nani viboko. Basi madai yakaachwa. Hakuna hakimu aliyesema Hamed ana hatia, na hakuna hakimu aliyesema hana.

Hii ndiyo ile tofauti niliyoitaja mwanzo. Tippu Tip hakuachiliwa kwa hukumu. Mshtaki wake aliondoka. Kwa hiyo hata leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, waandishi wanaigombania kesi ile kana kwamba bado iko mbele ya balozi. Mimi nikiipima kwa mizani ya kadhi, naona dai la hiana halikusimama. Mapatano yalikuwa na pande mbili, na upande wa mdai nao ulikuwa na upungufu. Kuchelewa kulikuwako, na uzembe huenda ukawapo. Lakini kuchelewa si kuua. Kwa tuhuma hiyo Hamed anastahili kuachiliwa, na wanaomwandika kama mwuaji wa kundi la Yambuya wanamdhulumu.

Wala si tuhuma hiyo pekee aliyobebeshwa bila ya bayana. Wengi humtia katika mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 1871, siku ambayo mamia ya watu, wengi wao wanawake, walipigwa risasi na wengine wakafa maji mbele ya macho ya Livingstone. Waliofanya unyama ule walikuwa watu wa Dugumbe. Tippu Tip hakuwapo Nyangwe siku hiyo. Jina lake lilikuwa kubwa, basi kila jambo baya la bara likatafuta njia ya kufika kwake, kama maji yatafutavyo bonde.

Wenzangu wa Lucky Summer wanaomtetea walifurahi niliposema hayo. Nikawaomba wasiinuke bado, kwani nusu ya pili ya funzo ilikuwa haijasemwa.

Pembe zile zilichukuliwa na nani kutoka Manyema mpaka pwani? Vijiji vilivyopigwa na bunduki zake, watoto na wanawake waliotekwa ili jamaa zao wakomboe kwa pembe, watu waliofungwa minyororo na kutembezwa miezi, hayo si uvumi wa adui. Yeye mwenyewe alisimulia vita vyake na mateka wake bila kuona kwamba ametaja kosa. Mwisho wa karne ile alihesabiwa katika matajiri wakubwa wa Unguja, mwenye mashamba ya karafuu na watumwa wanaosemwa kwamba walifika maelfu. Kwa jambo hilo hakuitwa kortini siku hata moja. Stanley hakumshtaki kwa utumwa. Alimtaka ampe wapagazi, asiulize sana wanapatikanaje. Leopold hakumshtaki; alimpa uliwali na mshahara. Balozi wa Kiingereza, ambaye serikali yake ilikuwa na manowari baharini za kuwinda majahazi ya watumwa, alishuhudia mapatano na kutia muhuri.

Kwa nini? Si kwa kukosekana ushahidi. Ushahidi ulikuwa umejaa njia nzima kutoka Nyangwe hadi Bagamoyo. Ulikosekana mshtaki. Mama wa Manyema aliyepotelewa na mwanawe hakuwa na korti ya kwenda wala balozi wa kumpokea, na lugha yake hapana karani aliyeiandika. Fedha za Stanley zilipata korti katika majuma machache. Damu ya watu wale haikupata.

Basi hapo ndipo funzo lilipo na ncha mbili. Alishtakiwa kwa jambo ambalo halikuthibitika, akaachwa. Na jambo lililothibitika, hakushtakiwa. Anayesema kwamba kesi ile ilimsafisha amekosea, na anayesema kwamba ubaya wake mwingine watosha kumtia hatiani katika kesi ile amekosea vile vile. Kila dai lina bayana yake. Huwezi kumfunga mtu kwa wizi wa mbuzi kwa kuwa unajua aliwahi kuiba kuku, na huwezi kumsamehe kuku kwa kuwa mbuzi hakuthibitika.

Miaka ya mwisho ya Hamed haikuwa na safari. Mara baada ya yeye kuondoka bara, vita vikatokea kati ya Waarabu wa Manyema na Dola ya Kongo, tangu 1892 hadi 1894. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo ikafuata, na Sefu akafa mwaka huo huo. Yote aliyoyajenga yakaenda. Na waliokuja baada yake hawakuwa na rehema zaidi: mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira katika Kongo ya Leopold ni habari ijulikanayo na dunia. Mwenzake wa zamani Muhammed bin Khalfan el Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, naye alimdai sehemu ya mali katika korti ya Wajerumani. Safari hii mdai alishinda, na mali ya Hamed ya Tabora ikamtoka.

Akakaa katika nyumba yake ya Shangani, mzee wa baraza, Wazungu wakimzuru. Mmoja wao, Mjerumani Heinrich Brode, akamshawishi aandike habari za maisha yake. Akaziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Brode akazitia katika herufi za Kizungu na kuzichapisha 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley akakitoa tena kitabu hicho pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kutoka hapo kimesomwa na wanafunzi wengi wa lugha. Ni katika maandishi ya kwanza ya mtu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu, na Kiswahili chake ni kikavu na chepesi, cha mtu aliyezoea kuhesabu frasila. Kwa namna moja kitabu hicho ndicho utetezi aliokuwa hakutakiwa kuutoa kortini. Lakini kadiri anavyojitetea juu ya Stanley na fedha zake, ndivyo anavyotoa bila kukusudia ushahidi wa lile ambalo hakuulizwa.

Alifariki Unguja Juni 1905 kwa homa. Nyumba yake ingali inaonyeshwa kwa wageni.

Na yule kijana fundi? Hakimu amekwisha sema, na sisi majirani hatuna korti ya rufani kibarazani. Ikiwa yuko mwenye bayana aipeleke panapohusika. Asiye nayo ampe mwenziwe mkono na kazi ya kufanya. Ulimi unaomhukumu mtu baada ya korti kumwachilia hauna tofauti na ule wa Unguja ya 1889. Na wale wa Manyema ambao mashtaka yao hayakupata kuandikwa, sisi tunaojivunia historia ya pwani ndio tuliobakiwa na deni lao: tulitaje jambo lao kila tunapolitaja jina la Hamed bin Muhammed. Kwa dunia hii hatuwezi zaidi ya hapo. Iko korti nyingine ambayo mashahidi wake hawafi, wala mdai hachoki akaondoka. Wallahu aalam.